Nimekuta lesi nne kwenye belo la mitumba: ipi ya mkono, ipi ya mashine, na zinaitwaje?

#1 DadaMitumba

Habari za jioni wakuu.

Nauza mitumba Ilala, upande wa mashuka, mapazia na vitambaa vya meza. Jumamosi nimefungua belo la vitu vya nyumbani kutoka Ulaya. Katikati ya foronya nikakuta mfuko wa nailoni umefungwa kwa kamba, ndani kuna vipande vinne vya lesi. Msifikirie lesi za kushonea sare ya harusi. Hizi ni nyembamba, laini, na nyingine zimeshakuwa rangi ya chai.

Kuna mama wa Kizungu hupita kwangu mara mojamoja. Aliziona, akataka zote kwa elfu 30 bila kuomba nimpunguzie hata mia. Hapo ndipo nikashtuka. Mteja asiyeomba kupunguziwa ana jambo analijua. Nikamwambia arudi wiki ijayo.

Niziite A, B, C na D. A imeshonwa kuzunguka kitambaa kidogo cha meza, upana vidole vitatu, uzi mnene kidogo, michoro ya miraba na vitu kama buibui. B ni utepe mweupe wa kama mita nne, laini sana, maua madogo na wavu wenye tundu za umbo la kashata. C ni kola ya rangi ya samli, inang'aa, ina misalaba. D iko kwenye kofia ya mtoto mchanga, imechoka, wavu wake mwembamba kama utando wa buibui, na kila ua limezungushiwa uzi mnene unaong'aa.

Mimi dau langu naweka kwa B. Nipeni maarifa kabla huyo mama hajarudi.

#2 Ngoja_Nione

Nimevuta kigoda, ngoja waje wataalamu. Ila elfu 30 ya leo ni bora kuliko maarifa ya kesho.

#3 FundiMombasa

Dada, mimi ni fundi cherehani mwaka wa ishirini huu. Dawa ni moja tu: chomoa uzi, washa kiberiti. Ikiyeyuka ikawa shanga nyeusi, hiyo ni poliesta, mpe mama wa watu achukue. Ikinuka nywele zilizoungua, ni hariri.

#4 BibiWaGent

Jamani, kiberiti kirudi mfukoni!

Fundi hajakosea kuhusu hariri na poliesta. Lakini kitani na pamba vyote vikiungua vinanuka karatasi, kwa hiyo kwa lesi hizi nyeupe moto hautakwambia unachotafuta, na kipande utakuwa umekiumiza bure.

Niko Gent, Ubelgiji, mwaka wa 19 sasa. Jirani yangu mmoja, bibi mwenye miaka themanini na kitu, alinifundisha kusuka lesi Jumamosi mchana, mimi nikimlipa kwa chapati. Sijawa bingwa, ila mikono yangu inajua uzi unapita wapi, na kwenye jambo hili hicho ndicho kinachotakiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu bobini. Fundi, siyo ile ya chini ya cherehani. Hizi ni vijiti vya mbao vyembamba, vingine urefu wa kidole tu, vimezungushiwa uzi kichwani, vinafanya kazi viwili viwili. Unakuwa na mto mgumu uliojazwa majani makavu. Juu ya mto kuna karatasi ngumu iliyotobolewa vitundu kufuata mchoro, na kila kitundu kinaingia pini. Nyuzi zinaning'inia kutoka kwenye pini, na wewe unasuka. Kazi yote ina miondoko miwili. Wa kwanza ni kupishanisha: katika jozi mbili, vijiti viwili vya katikati vinabadilishana nafasi, wa kushoto unapita juu ya wa kulia. Wa pili ni kusokota: ndani ya kila jozi, wa kulia unapita juu ya wa kushoto. Basi. Kila lesi ya bobini mtakayoiona makumbusho, hata iwe ya malkia, ni pishanisha na sokota kwa mpangilio tofauti.

Ndugu yake ni lesi ya sindano. Hiyo ni uzi mmoja na sindano, inajengwa kwa mshono ule wa tundu la kifungo, safu juu ya safu. Kuzitenganisha angalia sehemu nzito za ua. Ukiona nyuzi zinapita juu na chini kama kanga uliyoisogeza karibu na jicho, ni bobini. Ukiona safu za vitanzi vimeshikana, ni sindano.

Dada, piga picha upande wa nyuma, juani, kitambaa cheusi chini yake. Kama una simu yenye lenzi ya kukuza, tumia. Maua sihitaji kuyaona. Nataka wavu.

#5 Mwl_Sayansi

Naomba kupinga kidogo. Nimesoma kwamba lesi zinaitwa kwa miji: Valenciennes, Mechelen, Lille, Chantilly, Brussels. Kama jina ni mji, utambuzi si ungeanza na historia ya mahali ilikotoka? Belo halina historia. Kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba haiwezekani kujua.

#6 BibiWaGent

Mwalimu, hapo ndipo karibu kila mtu anapotelea.

Jina la mji ni jina la *namna ya kusuka*. Ni kama kusema chipsi mayai za Kidar: ukizipikia Arusha bado ni zile zile. Valenciennes ni mji uliochukuliwa na Ufaransa mwaka 1678, na lesi yake ilipokuwa juu kabisa katika karne ya 18 watu walibishana kuhusu "Valenciennes ya kweli" iliyosukwa ndani ya mji na "ya uongo" iliyosukwa nje. Mapinduzi ya Ufaransa yakaja, wateja wenye vikuku vya lesi mikononi wakakimbia au wakapoteza vichwa, na kazi ikafa mjini. Haikufa duniani lakini. Karne ya 19 Valenciennes nyingi ilikuwa inatoka Ypres, Bruges na hapa hapa Gent.

Chantilly ni hivyo hivyo. Lesi nyeusi ya hariri iliyovuma wakati wa Napoleon wa Tatu ilisukwa zaidi Bayeux huko Normandy na Geraardsbergen hapa Ubelgiji.

Na kuna kichekesho cha "lesi ya Uingereza". Mwaka 1662 bunge la Uingereza lilipiga marufuku lesi kutoka nje. Inasimuliwa kwamba wafanyabiashara, kwa kuwa wateja bado walikuwa wanaitaka ya Brussels, waliendelea kuiingiza kimagendo na kuiuza kwa jina la lesi ya Kiingereza. Jina likaganda. Hadi leo ukiona jina hilo kwa Kifaransa, *point d'Angleterre*, kwenye kibao cha makumbusho, mara nyingi unatazama kazi ya Brussels.

Kwa hiyo belo lake halijapoteza kitu muhimu. Hata ungekuwa na barua ya bibi kizaa bibi inayosema "hii ni Valenciennes", ningegeuza kipande nyuma kwanza.

#7 Ngoja_Nione

Chantilly si ile krimu ya keki?

#8 BibiWaGent

Jina moja, mji mmoja, Ngoja_Nione. Ya keki inaliwa, ya hariri inavaliwa. Ukikutana na mtandio mweusi wa hariri ambao maua yake yana kivuli, sehemu nyingine nzito na nyingine nyepesi kama mchoro wa penseli, na umezungushiwa uzi bapa wa hariri usiosokotwa, fikiria Chantilly. Kisha fikiria mashine, kwa sababu mashine iliiga Chantilly vizuri mno.

#9 UkiliPemba

Bibi hapo kwenye mitandio umenigusa. Mitandio mikubwa namna hiyo walikuwa wanasuka mzima mzima? Mto wa ukubwa gani huo?

#10 BibiWaGent

Swali la mtu anayejua kusuka! Hapana. Walifanya unavyofanya wewe na mkeka: unasuka ukili mrefu mwembamba, halafu unaushona ukili kwa ukili mpaka mkeka unapanuka. Chantilly kubwa ilisukwa vipande vipande na wanawake tofauti, kisha fundi mwingine akaviunga kwa mshono unaofuata umbo la wavu. Ukitafuta maungio bila lenzi huyaoni.

Na hapo naomba niweke mgawanyo ambao ningeufundisha kabla ya jina lolote. Kuna lesi inayosukwa *kwa mkupuo*: wavu na ua vinatoka pamoja, nyuzi zile zile zinatoka kwenye wavu, zinaingia kwenye ua, zinakuwa ua, zinatokea upande wa pili na kuwa wavu tena. Valenciennes, Mechelen, Binche, Lille, Chantilly na torchon ziko humo. Halafu kuna lesi ya *vipande*: maua yanasukwa peke yake, kila moja kivyake, kisha yanaunganishwa kwa wavu au vijiti vya uzi. Humo ndimo ilimo Brussels, Honiton ya Devon kule Uingereza, na ile inayoitwa Duchesse.

Kuzitofautisha, fuata uzi mmoja wa wavu kwa ncha ya sindano mpaka mpakani mwa ua. Ukizama ndani ya ua, ni mkupuo. Ukiishia mpakani na kufungwa, au ukipita nyuma ya ua kama mtu anayekatiza uani, ni vipande. Katika Brussels ya zamani nyuzi za wavu zinaonekana kabisa nyuma ya maua zikikatiza. Ndiyo maana nalilia picha za nyuma.

Tangu mashine za wavu zilipoanza, wenye lesi ya vipande walipata njia ya mkato: suka maua kwa mkono, yabandike juu ya wavu wa mashine. Lesi ya gauni la harusi la Malkia Victoria mwaka 1840 ilikuwa hivyo. Maua ya Honiton yalisukwa kijijini Beer, yakashonwa juu ya wavu wa mashine. Kwa hiyo swali "mkono au mashine?" mara nyingine jibu lake ni "vyote".

#11 DadaMitumba

Picha za nyuma hizo hapo nimepandisha. Nimeazima lenzi ya fundi saa.

A: kona zimekatwa na kushonwa kwa cherehani. Maana yake ni mashine, sivyo?

B: bado naipenda. Tundu za kashata, hakuna uzi mnene kuzunguka maua, kila kitu bapa. Nimesoma Valenciennes iko hivyo hivyo!!!

#12 BibiWaGent

Nianze na A maana ni rahisi na inafurahisha.

Hiyo ni torchon. Jina ni Kifaransa, maana yake kitambaa cha kufutia, na linaonyesha wenye nacho waliionaje. Uzi mnene, mistari iliyolala kwa pembe ya digrii 45, miraba, buibui, maumbo kama kipepeo cha kupepea moto ukingoni. Imesukwa karibu Ulaya nzima, kwa hiyo usiniulize nchi.

Kona iliyosukwa ikageuka bila kukatika ni dalili nzuri ya mkono, maana mashine inatoa utepe ulionyooka tu. Lakini kona iliyokatwa haithibitishi mashine. Wanawake wengi walisuka utepe mrefu, wakauza kwa mita, na mnunuzi akakata alivyotaka.

Tatizo la torchon ni kwamba kuna mashine kutoka mji wa Barmen, Ujerumani, inayosuka kweli kweli, siyo kuigiza. Nyuzi zinapishana na kusokotana kama za mkono. Muundo peke yake hautoshi. Tafuta kosa. Mkono ukikosea, unakosea mara moja, kisha unajirekebisha. Mashine ikikosea, kosa linajirudia kila mchoro unaporudi, mahali pale pale.

Hebu hesabu buibui wako wote na miguu yao.

#13 FundiMombasa

Hii ya kosa nimeipenda sana. Hata kwenye mshono wa shati ndivyo tunavyojua kazi ya kiwanda.

#14 DadaMitumba

Nimehesabu mpaka macho yanauma. Buibui 46. Miguu yao yote imesokotwa vizuri isipokuwa buibui mmoja karibu na kona ya pili, mguu mmoja nyuzi zake mbili zimelala sambamba, hazikusokotwa. Mmoja tu!

#15 BibiWaGent

Alikuwa anapiga soga, huyo! Au mtoto alilia. Amesahau kusokota mguu mmoja, akaendelea. A ni ya mkono. Bei yake haitakutajirisha, torchon ipo tele, lakini usimwache mtu akwambie ni ya kiwanda.

Sasa B. Dada, pole.

Ulichosoma ni sahihi: Valenciennes haina uzi mnene wa kuzunguka maua, iko bapa kama kitambaa cha pamba kilichopigwa pasi, na wavu wake wa baadaye una tundu za kashata (wa zamani zaidi ulikuwa wa mviringo). Lakini kila upande wa kashata katika Valenciennes ni suka la nyuzi *nne*, suka halisi, kama yebo moja nyembamba ya nywele. Nimekuza picha yako. Pande za kashata zako zina nyuzi zinazokwenda kwa urefu kama reli, na uzi mwembamba zaidi unazizungukazunguka. Hakuna suka. Angalia pia ndani ya ua: hakuna juu-chini-juu-chini ya mfumo wa nguo, kuna mistari iliyosimama kama mbavu. Na ukingoni kuna vinyweleo vya uzi uliokatwa, kwa sababu tepe nyingi hufumwa pamoja ubavu kwa ubavu, kisha zinatenganishwa.

Hiyo ni lesi ya mashine ya Leavers, mfano wa Valenciennes. Mita nne zilizofanana bila kosa hata moja zilinitia shaka kabla sijaona nyuma.

#16 Ngoja_Nione

Dau limeliwa 😂

#17 DadaMitumba

Nimeumia ila nimeelewa. Nimeweka sindano kwenye ua nikasukuma uzi mmoja, kweli unakwenda moja kwa moja bila kupita chini ya mwenzake.

#18 Mwl_Sayansi

Mashine ilianza lini hasa? Kama ni za juzi, basi kitu chochote chenye umri kitakuwa cha mkono, na hapo tungepata njia fupi.

#19 BibiWaGent

Siyo za juzi, Mwalimu. Mwingereza John Heathcoat alipata hataza za mashine ya wavu mwaka 1808 na 1809. Mwaka 1816 kiwanda chake Loughborough kilivamiwa usiku, fremu 55 zikavunjwavunjwa. Akahamia Tiverton, Devon, mkoa ule ule wa wasuka Honiton. John Leavers naye alikuja na mashine yake mwaka 1813, baadaye ikaunganishwa na kadi za Jacquard, zile zenye matundu zinazoiongoza mashine kufuata mchoro, ikaanza kutoa maua. Kwa hiyo lesi ya mashine inaweza kuwa na zaidi ya miaka 150. "Ya zamani" na "ya mkono" ni maswali mawili.

Kwa umri, uzi unasaidia zaidi. Lesi nyeupe ya zamani ni ya kitani. Pamba ilishika kasi kuanzia miaka ya 1830 hivi. Kitani chini ya lenzi ni laini, kinang'aa kidogo, unene wake unapandapanda na kushuka. Pamba ina vinyweleo kama sufi ya mto. Mtu akikwambia ana lesi ya mwaka 1750 na uzi ni wa pamba, mpe pole kama niliyompa Dada.

#20 FundiMombasa

Na lesi zetu hizi za Kinaijeria? Wateja wananiambia ni za mkono kwa hiyo nitoze zaidi.

#21 BibiWaGent

Hizo ni tarizi za mashine juu ya kitambaa, Fundi, na nyingi zilizovuma Nigeria tangu miaka ya 1960 zilitariziwa Lustenau, Austria. Ni nzuri, ni ghali, lakini bobini haijazigusa. Toza kwa ajili ya kukata kwako.

#22 UkiliPemba

Na kofia zetu za mkono? Vile vitobo si lesi?

#23 BibiWaGent

Zile zina kitambaa chini yake kinachotobolewa na kushonwa. Lesi ya bobini inaanza na hewa. Ukitoa nyuzi hakuna kitu kinachobaki kwenye ule mto wa kusukia isipokuwa pini. Ila uvumilivu ni ule ule, na vipofu waliotokana na kazi hizo pengine ni wale wale.

#24 DadaMitumba

C na D mnaniweka roho juu.

#25 BibiWaGent

C: hariri ya rangi ya asali, mistari ya masuka badala ya wavu, vipunje vinene kama mbegu za ngano vimepangwa mviringo, na msalaba wenye ncha nane. Ni lesi ya mtindo wa Malta. Miaka ya 1830 wasukaji kutoka Genoa walipelekwa Malta kufundisha, na msalaba wa kisiwa ukaingia kwenye michoro. Baada ya Maonyesho Makubwa ya London ya 1851 kila mtu aliutaka mtindo huo. Huko Bedfordshire, Uingereza, waliugeuza wa kwao: uzi mweupe wa pamba zaidi, na mfanyabiashara Thomas Lester wa Bedford akachora majani na maua ya hali ya juu, hata wanyama. Yako ni hariri na ina msalaba, kwa hiyo naegemea Malta. Lakini kumbuka nilichomwambia Mwalimu: msalaba ni mchoro, na mchoro huvuka bahari kwa barua.

Vile vipunje ndivyo kipimo cha mkono. Jozi mbili za nyuzi, uzi mmoja unafanya kazi ya kupita kushoto kulia kushoto kulia huku mingine mitatu imesimama. Ukivuta sana, kinakonda. Ukilegeza, kinafura. Ukikiachia mapema uzi ule mfanyakazi ukavutika, kinajikunja kama bamia iliyokauka. Mimi miezi minne ya kwanza nilizalisha bamia tu. Vya kwako vimelingana, vimenona, na kila kimoja kinatofautiana na jirani yake kwa unywele. Mtu aliyesuka hiyo kola alikuwa fundi.

D nimeiacha mwisho makusudi.

#26 Mwl_Sayansi

Nitangulie mimi kwa D, nimesoma jana usiku. Wavu wa pembe sita, uzi mnene unaozunguka maua: hiyo ni Lille. Au Buckinghamshire ya Uingereza, maana vitabu vinasema wavu wao ni mmoja.

#27 BibiWaGent

Mwalimu umekuja na daftari leo, hongera! Na ni kweli Lille na Buckinghamshire zinatumia wavu mmoja, wakati mwingine hata wataalamu wanaandika kibao chenye majina yote mawili na kwenda zao kula.

Lakini uzi mnene uko Lille, uko Buckinghamshire, uko Mechelen. Peke yake hauamui. Dada, chukua lenzi, tafuta tundu *moja* ya wavu, sahau mengine yote. Ina pande sita. Pande nne utakuta ni nyuzi mbili zilizosokotwa, hilo halina ubishi. Niambie zile pande mbili zilizobaki. Nyuzi zinakutana, zinapishana mara moja na kuachana? Au zinakutana nne, zinasukwa kidogo, ndipo zinaachana?

#28 DadaMitumba

Nimeegemea mlango wa duka, jua la saa nne. Zinakutana nne. Zinasukana. Kasuka kadogo mno, ukipepesa jicho unakakosa, lakini kapo. Halafu zinaachana mbili huku mbili huku.

#29 BibiWaGent

Mechelen.

Kwa Lille pande hizo mbili karibu hazipo, nyuzi zinapishana tu, ndiyo maana wavu wa Lille ni mwepesi kuliko wote na kwa mbali unaonekana kashata. Kwa Brussels kuna suka pia, lakini refu, tundu inarefuka, na maua ni ya vipande. Mechelen suka lake ni fupi, kwa hiyo tundu inaelekea kuwa duara. Jumlisha uzi mnene unaong'aa uliosukiwa humo humo ndani wakati wa kazi, haukushonwa baadaye.

Sasa maua yamekaa wapi?

#30 DadaMitumba

Yote chini kabisa ukingoni, madogo. Juu ni wavu mtupu na vidoti vidoti. Uzi hauna vinyweleo, unang'aa, na unene haulingani.

#31 BibiWaGent

Kitani, basi. Mwanzoni mwa karne ya 18 lesi za Flanders zilijaa maua mpaka wavu ulikosa pa kukaa. Binche ya wakati huo ni theluji tupu, duara duara ndogo zimeshikana. Kadiri karne ilivyosogea wavu ukala nafasi, maua yakarudishwa nyuma mpaka mwisho wa karne yakabaki mstari ukingoni na vidoti vimetawanyika juu. Walikuwa wanaikunja mikunjo mikunjo, kwa hiyo juu hapakuonekana, kwa nini uumize macho? Kwa maelezo yako ningesema mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa 19. Kofia yenyewe inaweza kuwa changa kuliko lesi. Lesi ilihamishwa kutoka nguo hadi nguo, bibi hadi mjukuu.

Usiifue. Usiipige pasi. Ifunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya rangi, itoe kwenye nailoni leo hii.

#32 Ngoja_Nione

Bei, Bibi. Tunazunguka tu. Bei.

#33 BibiWaGent

Lesi siyo tanzanite. Vipande vidogo vya Mechelen vipo sokoni huku na haviuzwi kwa bei ya kujengea nyumba. Ila elfu 30 kwa vyote vinne ni kuibiwa mchana. Muuzie B kwa mita kama utepe mzuri wa kushonea. A na C zungumzeni. D ningemwomba anieleze yeye kwanza anadhani ni nini.

#34 DadaMitumba

Mrejesho. Mama alirudi leo. Nimeweka zote nne mezani, nikanyamaza. B hakuigusa. Alichukua kofia, akaigeuza ndani nje, akatoa lenzi ndogo kwenye pochi. Nikajua tumekutana. A na B ameondoka nazo kwa elfu 45, C bado tunavutana, D nimemwambia haiuzwi kwa sasa.

Lakini kuna kitu alinionyesha mwenyewe kwa kidole. Nyuma ya kofia, pale kisogoni, kama urefu wa vidole vinne, wavu unabadilika. Nimetazama kwa lenzi: pale hakuna kasuka. Nyuzi zinapishana tu na kuachana, na uzi una vinyweleo.

#35 Mwl_Sayansi

Lille! Nilisema Lille!

#36 BibiWaGent

😂 Mwalimu umepata vidole vinne vyako.

Dada, hicho ni kiraka. Mtu alirekebisha Mechelen ya kitani kwa kipande cha pamba. Kinaweza kuwa Lille au Buckinghamshire ya mkono, kinaweza kuwa wavu wa Heathcoat, maana mashine yake iliiga wavu huo huo. Nipe picha ya pale vinapoungana, pande zote mbili, karibu kadiri simu itakavyokubali. Nataka kuona kama kuna ua hata nusu ndani ya kiraka, na uzi unaingiaje.

#37 DadaMitumba

Umeme umekata huku na giza limeingia. Kesho saa nne, jua likifika mlangoni, napiga.